Opera ya mitambo haikukataliwa na watazamaji

Opera ya Kijerumani Maschinist Hopkins, ya Max Brand, inaporushwa redioni, husikika tena lile dai la zamani kwamba ilitoweka kwa sababu watazamaji walichoshwa na habari za viwandani. Si kweli. Tangu ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Duisburg mwaka 1929, ilipendwa na kuchezwa katika majumba mengi ya opera, hadi Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933 na kuiondoa majukwaani, kwani Brand alikuwa Myahudi. Dai hilo linamdhulumu mtunzi. Anayesikiliza redioni na atege sikio kwenye tukio la usiku kiwandani, ambapo mitambo yenyewe hupewa sauti za kwaya na kuanza kusema gizani.