Je, wajua kwa nini bima ya afya humtafuta asiyeumwa?

Shilingi 50,400 kwa mwaka. Hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya Toto Afya Kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya Tanzania. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, na wazazi wakapiga kelele: mfuko gani huu unaokimbia watoto? Jibu limo kwenye hesabu, tena hesabu ya kapu la sokoni tu.

Chukua watoto kumi. Michango yao ni 504,000. Tisa wakimaliza mwaka kwa mafua na Panadol, wa kumi akalazwa kwa nimonia, kapu huenda likatosha. Sasa wazazi wa wale tisa waseme, "Wangu mzima, ya nini kutupa hela?" Anayebaki dirishani ni yule ambaye mwanawe ana selimundu, au tundu kwenye moyo. Hana kosa lolote. Ningekuwa mimi ningewahi foleni alfajiri. Ila kapu sasa lina 50,400 na bili inasoma mamilioni. Mfuko ukipandisha bei kuziba pengo, wazima wachache waliosalia nao wanajitoa, bei inapanda tena. NHIF walieleza jambo hilohilo: wengi walioandikishwa walikuwa tayari wanaumwa.

Ndiyo maana wazazi walielekezwa kuwakatia watoto bima kupitia shule. Darasa zima likijiunga, mcheza mpira asiyejua sindano na mwenye pumu wanaingia siku moja, hakuna aliyeletwa na ugonjwa wake. Hapo mtoto wa miaka miwili aliachwa njiani, maana shule hana, na mzazi wake aliambiwa achukue kifurushi cha familia, ambacho hakikuwa bei ile.

Kenya wao wakashika njia ya lazima. Tangu Oktoba 2024 mfuko mpya wa SHIF, uliochukua nafasi ya NHIF ya kwao, hukata asilimia 2.75 ya mshahara bila kikomo cha juu. Aliyekuwa akilipwa shilingi 100,000 za Kenya kwa mwezi na kukatwa 1,700, sasa anakatwa 2,750, na manung'uniko yake anayo. Lakini hana pa kukimbilia. Mama mboga na fundi wa jua kali hawana mwajiri wa kuwakata juu kwa juu. Kwao ni rahisi kungoja mpaka mtu wa nyumbani alazwe ndipo wakimbilie kujiandikisha, na kapu linatoboka palepale.

Wamarekani walijaribu fimbo. Sheria yao ya mwaka 2010 iliwatoza faini wasio na bima, na faini hiyo ikashushwa hadi sifuri kuanzia 2019. Wengi walitabiri wazima wangetoka mbio na soko kuanguka. Halikuanguka, kwa kuwa serikali iliendelea kuwalipia watu wa kipato kidogo sehemu kubwa ya mchango wao.