Je, wajua kwa nini tumbawe huwa chokaa, kisha chokaa ikarudi kuwa jiwe?

Magofu ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa inayoyashikanisha nayo ilitokana na matumbawe. Mafundi waliyachoma, wakaizima chokaa kwa maji, wakaichanganya na mchanga, wakajengea. Tangu hapo chokaa ile imekuwa ikirudi kuwa jiwe, kwa asili yake ileile. Moto ulisukuma mmenyuko wa kikemia upande mmoja, hewa ya pwani ikaurudisha upande wa pili. Sasa mtu atajuaje, hata kabla ya kuwasha moto, mmenyuko utaelekea wapi?

Sehemu kubwa ya tumbawe ni kalsiamu kaboneti. Ikipata joto kali huachia kaboni dioksidi, ile tunayoiita hewa ukaa, na kinachobaki ni kalsiamu oksidi, yaani chokaa ambayo haijazimwa. Wanakemia huandika hivi: CaCO₃ ⇌ CaO + CO₂. Vile vishale viwili vinasema njia iko wazi pande zote mbili. Havisemi ni upande upi utakaoshinda leo.

Ili kujua, linganisha namba mbili. Ya kwanza huitwa K. Hiyo ni alama ya msawazo: hali ambayo kwenda na kurudi hutokea kwa kasi moja, kwa hiyo kwa macho huoni badiliko lolote. K hubadilika joto likibadilika. Ya pili ni Q, nayo hueleza hali ilivyo sasa hivi, msawazo uwe umefikiwa au la. Q ikiwa ndogo kuliko K, mmenyuko huenda mbele. Ikiwa kubwa, hurudi nyuma. Zikilingana, umetulia.

Uzuri wa chokaa ni kwamba hesabu yake ina kitu kimoja tu: kanieneo, yaani msukumo, ya hewa ukaa inayoligusa jiwe. Vitu vigumu havihesabiwi. Rundika matumbawe tani 1 au tani 10, upande wa kuelekea haubadiliki hata kidogo, kwa sababu ukiongeza mawe umeongeza nafasi ya gesi kutoka na pia nafasi ya gesi kurudi. Wanafunzi wengi hukosea hapa, wakidhani mawe mengi yatausukuma mmenyuko mbele. Yatatoa chokaa nyingi zaidi, ndiyo, lakini baada ya mwelekeo kuwa umeshaamuliwa na gesi.

Tutie namba. Katika hewa ya kawaida, hewa ukaa ina kanieneo ya angahewa 0.0004 hivi (angahewa 1 ni kanieneo ya hewa yote inayotuzunguka). Hiyo ndiyo Q yetu mahali pa wazi. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, K ya mmenyuko huu ni desimali yenye sifuri 22 kabla ya tarakimu ya kwanza. Q inaizidi K mno, basi jiwe linabaki jiwe na chokaa inavutwa kurudi kuwa jiwe. Pasha joto: mahali fulani kati ya nyuzi 500 na 550, K inaifikia ile 0.0004, na kuanzia hapo mizani inageuka. Kwenye nyuzi 800, K ni karibu robo ya angahewa. Zikikaribia nyuzi 900, inafika angahewa nzima.

Ndiyo maana naona werevu mkubwa katika lile tanuu la kienyeji la pwani: magogo yaliyopangwa duara, matumbawe juu yake, yote uwanjani pasipo ukuta wala paa. Chukulia joto ni nyuzi 800. Upepo ukiipeperusha hewa ukaa, Q inabaki chini ya robo, na jiwe linaendelea kuiachia. Sasa yafungie mawe yaleyale, kwa joto lilelile, ndani ya chombo kilichojaa hewa ukaa tupu ya angahewa 1. Q ni 1, K ni robo. Jiwe halitatoa kitu, na chokaa iliyokwisha kupatikana itaanza kurudi. Moto haukupungua. Kilichokosekana ni njia ya gesi kutokea.

Aliyeliona jambo hili mapema ni mwanakemia Mfaransa Claude Louis Berthollet, aliyefika Misri mwaka 1798 pamoja na msafara wa Napoleon. Kwenye maziwa ya magadi aliona utando wa sodiamu kaboneti ukingoni. Katika maabara, sodiamu kaboneti ikikutana na kalsiamu kloridi huzaa chokaa-mawe, yaani kalsiamu kaboneti ileile, na chumvi ya kawaida. Kule ziwani chumvi na chokaa-mawe vilikuwa vinaizaa sodiamu kaboneti, kinyumenyume kabisa. Berthollet akatambua kwamba wingi wa chumvi majini ndio uliogeuza njia. Chumvi iliyoyeyuka, tofauti na jiwe gumu, huhesabiwa.

Lakini kujua upande si kujua kasi. Chokaa iliyozimwa ni kalsiamu haidroksaidi, nayo pia huvutwa na hewa ukaa kuwa jiwe, ikitoa maji. Namba zinasema itafika; hazisemi lini. Gesi lazima ipenye vitundu vya lipu, tena inahitaji unyevu kidogo ili ifanye kazi, hivyo ugumu huanzia nje ukiingia ndani, miezi na miaka. Vunja kipande cha lipu nene ya chokaa ambayo haijazeeka, ukidondoshee fenolfthalini, dawa ya maabara inayobadili rangi ikikutana na chokaa iliyozimwa, pale palipovunjika. Ukingo wa nje hautabadilika rangi, kwani umekwisha kuwa jiwe. Katikati patageuka waridi: hapo chokaa bado inaingoja hewa.