Je, kumshika mkono mke anayejifungua hubadilisha chochote mwilini mwake?

Nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza mjini Kisumu, mume wangu alikesha kwenye benchi nje ya wodi akiwa na chupa ya chai na mfuko wa nguo za mtoto, nami sikuona kasoro yoyote. Niliamini, kama wengi wanavyoamini hadi leo, kwamba kazi ya mume siku hiyo ni kulipa, kubeba na kusubiri, na kwamba faraja hutuliza moyo tu ilhali uchungu hufuata mkondo wake. Hapo ndipo nilipokosea zaidi, kwa maana niliutenga moyo na mfuko wa uzazi kana kwamba ni vya watu wawili.

Uchungu huongozwa na oksitosini, homoni ambayo ubongo huitoa kwa mafungu, na ambayo huufanya mfuko wa uzazi kukaza na kuachia. Mama akiogopa, mwili hutoa adrenalini, ambayo hulegeza misuli hiyo na kupunguza damu inayoifikia. Wafikirie wavuvi wa Dunga, kwenye Ziwa Victoria, wakipiga makasia kurudi ufuoni. Oksitosini ni yule anayeongoza wimbo, ambaye kila akiitikiwa makasia huingia majini kwa pamoja. Adrenalini ni nanga iliyoshuka bila wao kujua, hivyo mikono inauma, jasho linatoka, na mashua inakwenda kwa shida. Aliyeketi kando ya mama hawezi kumvutia hata kasia moja. Anachoweza ni kusaidia kuing'oa nanga.

Nanga hiyo ya hofu imeonekana waziwazi kwa wanyama, ambao wakitishwa uchungu wao husimama. Kwa binadamu ushahidi wa homoni zenyewe ni mwembamba zaidi. Matokeo ya kuwa na msaidizi, hata hivyo, yamepimwa vizuri: mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima kwa pamoja tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti 26 na wanawake zaidi ya 15,000, yalionyesha kwamba waliokuwa na mtu wa kuwategemeza mfululizo walipungukiwa na uwezekano wa kupasuliwa, na uchungu wao ulikuwa mfupi kwa takriban dakika 40. Wasaidizi hao hawakuwa waume pekee. Walikuwamo wahudumu wa hospitali, wanawake waliofunzwa kazi hiyo, na ndugu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2018, linasema msaidizi awe wa chaguo la mama mwenyewe, kwani mume aliyejaa hofu anaweza kumwongezea mkewe hofu, na wengine humtaka dada au mama mzazi.

Mimi nilimtaka mume wangu. Katika uzazi wa pili mkunga alimruhusu aingie, akavuta pazia kwa ajili ya akina mama wengine, kisha akamwonyesha namna ya kukandamiza ngumi chini ya mgongo wangu, karibu na kiuno, kila mkazo ulipopanda. Hakutoa hotuba yoyote. Kila ulipoisha, alisema, "Huo umepita, mama," akanipa maji.