Betri za sodiamu kwa gridi ya umeme: unafuu hautoki kwenye chumvi pekee

Zikitajwa betri za sodiamu, hoja ya kwanza huwa ni wingi wake. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 11 za sodiamu, ilhali lithiamu huchimbwa mahali pachache. Hilo halina ubishi. Lakini malighafi ni sehemu tu ya gharama ya betri, na bei ya lithiamu ilipoporomoka baada ya kupanda sana mwaka 2022, hoja hiyo ilipungukiwa nguvu. Kwa maoni yangu, la kuangalia zaidi ni joto.

Betri ya sodiamu na salfa ilianzia maabara za kampuni ya magari ya Ford, Marekani, miaka ya 1960, ikaja kuingizwa sokoni na Wajapani. Hufanya kazi kwenye nyuzijoto 300 hadi 350 za Selsiasi, sodiamu na salfa zote zikiwa zimeyeyuka, katikati pakiwa na ukuta mwembamba wa kauri unaopitisha ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za sodiamu tu. Ukuta ukipasuka, vimiminika hivyo hukutana, na moto huzuka. Mwaka 2011 betri za aina hiyo ziliungua kiwandani mkoani Ibaraki, Japani, na ilichukua takriban wiki mbili kutangazwa kwamba moto umezimika kabisa.

Watafiti wa Afrika Kusini walikuwa wameshapata njia nyingine: badala ya salfa, waliweka kloridi ya nikeli pamoja na chumvi iliyoyeyuka yenye alumini. Kauri ikipata ufa, sodiamu hukutana na chumvi hiyo, na kinachozalishwa ni chumvi ya kawaida na alumini, ambavyo huziba ufa wenyewe. Ubunifu wa kupendeza, ila joto lilibaki kubwa.

Mwaka 2021 maabara ya utafiti ya Sandia, Marekani, ilionyesha betri ya sodiamu iliyoyeyuka ikifanya kazi kwenye nyuzijoto 110. Sodiamu huyeyuka kwenye 98, kwa hiyo hapo pamebaki nafasi finyu sana ya kushuka. Joto likipungua hivyo, vizibo, nyaya na vifaa vya kuhifadhi joto vinaweza kuwa vya bei nafuu. Tatizo ni kwamba sodiamu isiyo na joto kali haishikani vizuri na kauri. Ilibidi kauri ipakwe metali ya bati. Chumvi iliyoyeyuka ya betri yao nayo ilikuwa na galiamu, metali ambayo ni ghali.

Aina nyingine, betri za ioni za sodiamu, hazihitaji kupashwa joto. Zinatumia karatasi ya alumini pande zote mbili, ambapo za lithiamu zinalazimika kutumia shaba upande mmoja, na zinaweza kusafirishwa zikiwa na volti sifuri. Asikudanganye mtu kwamba haziungui: nyingi zina kimiminika kinachoshika moto kama cha lithiamu. Pia ni nzito zaidi kwa nishati ileile. Gridi haijali uzito, ila betri kubwa zaidi hudai makontena, nyaya na eneo zaidi, na vyote hivyo hulipiwa.

Mkoani Hubei, China, kituo cha betri hizi kilichowashwa mwaka 2024 kinaweza kutoa megawati 50 na kuhifadhi megawati-saa 100. Kwa nguvu kamili, hizo ni saa mbili: zinatosha kilele cha matumizi ya jioni, si usiku kucha.