Kiwanja ni changu, je, geti naweza kulitoa popote?

Wengi wanaamini kwamba mwenye hati ya kiwanja anaweza kufungua njia ya gari upande wowote unaopakana na barabara. Imani hiyo inaeleweka: ukuta ni wako, geti ni lako, gari ni lako.

Tatizo liko nje ya geti. Kati ya ukuta wako na lami kuna hifadhi ya barabara, yaani ukanda uliotengwa kwa ajili ya barabara, na hiyo si sehemu ya kiwanja chako. Kwa barabara kuu za Tanzania, Sheria ya Barabara ya 2007 inahesabu mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Za mitaani huwa nyembamba zaidi. Kuunganisha njia yako na barabara kunahitaji kibali cha mamlaka inayoisimamia. Geti likitokea kwenye kona, au karibu mno na njia panda, dereva anayekuja hakuoni mpaka umeshachomoza. Halafu kuna mtaro. Watu humwaga kifusi wapate pa kupita, mvua za masika zikija maji yanaingia kwa jirani, na hapo ndipo ugomvi na halmashauri unapoanza (mara nyingi jirani ndiye aliyeshtaki).

Kabla ya kumwita fundi, toa ramani ya upimaji iliyoambatana na hati, tafuta bikoni zako (alama za mipaka) kwenye kona za kiwanja, kisha pima kwa futi kamba hadi katikati ya barabara. Ofisi ya mipango miji ya halmashauri itakuonyesha mchoro wa eneo lako. Omba jibu la maandishi. Ruhusa ya mdomo ya mjumbe si kibali.