Imeji ya ruta pepe ni nini?

Imeji ya ruta pepe ni faili lenye programu endeshi ya ruta, iliyoandaliwa ili iwake ndani ya kompyuta ya kawaida. Ukiiingiza kwenye GNS3 au EVE-NG, programu za kujengea mitandao ya majaribio, inagawiwa sehemu ya prosesa na RAM, kisha unaandika amri zile zile anazoandika fundi kwenye ruta ya chuma.

Hapo ndipo inapoachana na Packet Tracer ya Cisco, inayoigiza tu tabia ya ruta: amri ambayo watengenezaji hawakuiweka huipati. Kwenye imeji, OSPF (itifaki ambayo ruta huitumia kuambiana njia) unayoiona ni yenyewe, na kasoro zake zote.

Tuseme uko Kigoma na unajenga mtandao unaofuata Reli ya Kati: ruta ya Kigoma, ya Kaliua, ya Tabora, na ya Mpanda, kwa kuwa tawi la Mpanda huchepukia Kaliua. Ruta 4, imeji moja. Faili mama haliandikwi kitu. Kila ruta hupewa faili lake dogo la kuhifadhi mabadiliko tu: jina, anwani za IP, nywila. Umbizo la qcow2 linapendwa kwa sababu hiyo. Ukivuruga Kaliua, unafuta faili lake dogo na ruta inarudi kuwa mpya, nyingine hazijaguswa.

Sasa ongeza kiungo cha Kigoma hadi Tabora bila kupita Kaliua (reli hiyo haipo, lakini kebo pepe hazina bei), kisha zima Kaliua. Mpanda inabaki peke yake. Kigoma nayo mara nyingi haishtuki papo hapo, maana kebo pepe huonekana hai hata upande wa pili ukiwa umezimwa. OSPF husubiri hadi sekunde 40, muda wake wa kawaida kwenye Ethernet, ndipo imhesabu jirani kuwa amekufa. Kebo halisi ikichomolewa, ruta hujua mara moja. Anayejifunzia maabara tu aliweke hilo akilini.

Diski inaokolewa, RAM haiokolewi. CHR, ruta pepe ya MikroTik, huridhika na MB 256, ila ile ya Cisco, CSR 1000V, hutaka GB 4 kila moja. Nne ni GB 16, na Windows bado haijala. Pia VT-x (kwa prosesa za Intel) au AMD-V (kwa za AMD), uwezo wa prosesa kuendesha mashine pepe, lazima iwashwe kwenye BIOS, la sivyo ruta zitajikokota.

Imeji za Cisco zina leseni. Hizo zinazozunguka kwenye flashi za wanafunzi mara nyingi hazina ruhusa. Mimi ningeanza na VyOS, ruta pepe ambayo ni programu huria, au CHR ya bure, ambayo kila kiolesura (mlango wa mtandao) kimewekewa kikomo cha megabiti 1 kwa sekunde. Kikomo hicho hakimsumbui anayejifunza njia za pakiti. Kasi, hata bila kikomo, haipimwi hapa: ruta kubwa hupitisha pakiti kwa chipu maalumu, na chipu haimo ndani ya faili.