Usimuulize Mtoto Kama Katuni Ilikuwa Nzuri

Kuna mtoto wa darasa la nne anayeimba nyimbo zote za katuni kwa Kiingereza bila kukosea neno. Muulize "What did you do yesterday?", anainamisha kichwa na kuanza kuchezea vifungo vya shati. Wazazi hutuletea swali hili mara kwa mara hapa chuoni tunakowaandaa walimu wa shule za msingi: mbona televisheni anaitazama kila siku, Kiingereza hakitoki?

Hakitoki kwa sababu televisheni husema tu, haingoji kujibiwa. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake nchini Marekani waliwasikilizisha Kichina watoto wa miezi tisa kwa vipindi 12. Waliochezeshwa na kusomewa na watu waliokaa nao walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliotazama video hawakuambulia kitu. Mtoto wa shule si mchanga, naye huokota maneno mengi kwenye skrini, lakini kuongea kunamtaka apate mtu wa kumwambia.

Mtu huyo unaweza kuwa wewe, ila achana na swali la "ilikuwa nzuri?" Utajibiwa "Yes" na mambo yameishia hapo. Mwambie kweli: nilikuwa jikoni, sikuona, hebu nisimulie. "What happened?" Sasa yeye ana habari ambayo wewe huna, na kuipata ni mpaka afungue mdomo. Hata ule mwito wa "Paukwa!" na kuitikiwa "Pakawa!" ulimpa msimulizi nafasi hiyohiyo, kwamba wote wanamsubiri yeye.

Kwa kuanzia, mimi napendekeza Tom na Jerry. Wazazi huniona nimechanganyikiwa, maana wale hawaongei! Ndiyo faida yake. Tangu mwaka 1940 paka yule anakimbia, anajificha, anaanguka, anagonga ukuta, na maneno ya kuyasema yote hayo ameachiwa mtazamaji. Shika rimoti, simamisha picha: "What is Tom doing?" Kabla hujaendelea: "What will Jerry do now?" Dakika tano zinatosha. Ukizidisha, katuni inageuka mtihani, na mtoto atakimbilia kutazama kwa jirani.

Wala si lazima kipindi kiwe cha Kiingereza. Nyumba nyingi jioni hufuatilia tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, au mpira, na vyote hivyo mtoto anaweza kuvisimulia kwa Kiingereza. Ubongo Kids, kipindi kilichoanzia Dar es Salaam mwaka 2014, kinapatikana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mtoto akiielewa hadithi kwanza kwa Kiswahili, akiitazama tena kwa Kiingereza akili yake haihangaiki na kisa, inasikiliza maneno.

Akianza kuongea, makosa yatakuja, na mengi yana asili yake katika Kiswahili chenyewe. "Yeye" wetu ni wa mwanamume na wa mwanamke, basi Tom ataitwa "she". Irabu zetu ni tano tu, kwa hiyo "ship" na "sheep" zinatoka sawa. Silabi zetu hupenda kuishia na irabu, ndipo "milk" inapogeuka "miliki". Linalowachanganya hata watu wazima ni "yes". Ukiuliza "Jerry hakula jibini?" Mswahili hujibu "ndiyo", yaani hakula. Mwingereza angejibu "no". Mtoto aliyejibu "yes" hapo ameelewa swali vizuri kabisa, amelijibu Kiswahili.

Tuna na utajiri ambao wengi hatuuoni. Anayetamka vizuri "thamani" na "dhahabu" tayari anazo sauti za "think" na "this", ambazo Wafaransa na Wajerumani huzitolea jasho. Anayezoea kusema "samani" akikusudia thamani, na "zahabu", ndiye atakayesema "sink". Mrekebishe kwenye Kiswahili kwanza.

Lakini akiwa katikati ya kisa, usimkatize. Akisema "Tom, she falled", wewe shangaa: "Oh, he fell! Where did he fall?" Amelisikia umbo sahihi, na hadithi inaendelea. Kucheka ni marufuku, na dada zake wakubwa nao waambiwe hivyo. Nimewahi kuona darasa lenye bango la "Speak English" ukutani, kimya chake kama maktaba.

Kama Kiingereza chako ni cha kuombea maji, si kikwazo. Uliza kwa Kiswahili, yeye ajibu kwa Kiingereza, kisha akufafanulie maneno usiyoyajua. Neno ambalo hata yeye halijui liandikeni, aende nalo shuleni kesho kwa mwalimu.

Hakuna haja ya kuongeza saa za kutazama. Kwa watoto wa miaka miwili hadi minne Shirika la Afya Duniani linashauri skrini isizidi saa moja kwa siku, na mazungumzo yanaweza kufanyika njiani kwenda dukani au wakati wa kuchambua mchele. Umeme ukikatika kisa kikiwa kimefika patamu, usikimbilie kulalamika. Washa mshumaa, umuulize: "So, how does it end?"